Maji ya Goti Yapimwe Kabla ya Dawa

Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, na mtoto akakataa kuukanyagia mguu huo, lisiitwe baridi yabisi wala mteguko kabla ya kupimwa. Bakteria walioingia ndani ya kiungo huweza kuiharibu gegedu kwa siku chache tu, nayo gegedu ikishaliwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa.

Kipimo ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano, baada ya ngozi kusafishwa vyema. Wapo wagonjwa wanaohofu kwamba goti litakauka. Halikauki: kiungo hutengeneza ute mwingine, na kupungua kwa usaha huleta nafuu.

Ute wa kawaida ni angavu, na chembe zake nyeupe za damu hazifiki 200 katika mikrolita moja. Zikizidi 50,000, bakteria hushukiwa sana. Hata hivyo hesabu ndogo pekee isimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani. Rangi aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884 hutoa jibu siku hiyohiyo, lakini mara nyingi haionyeshi kitu ilhali maambukizi yapo. Ndiyo maana ute huoteshwa, ili bakteria atambulike na dawa inayomweza ijulikane. Fuwele zikionekana kwa hadubini, huenda ni jongo. Nalo jongo laweza kukaa pamoja na maambukizi.

Mkoani Singida, penye ng'ombe na mbuzi wengi, mgonjwa aulizwe pia kuhusu maziwa mabichi na kuzalisha mifugo. Bruselosi hushambulia viungo, na chembe katika ute wake huweza kuwa chache. Maabara iarifiwe mapema, kwani kimelea hicho huota polepole na huweza kumwambukiza mtaalamu anayekiotesha. Mwenye selimundu naye afikiriwe Salmonella, pamoja na Stafilokoka aliyezoeleka.

Tatizo kubwa ni dozi nusu ya antibiotiki iliyonunuliwa dukani kabla ya rufaa: homa hushuka, ute hauoti kitu, na goti huendelea kuoza kimyakimya. Basi zahanati ya Mkalama au Ikungi isiyoweza kuvuta ute impeleke mgonjwa siku hiyohiyo, na barua itaje kila dawa aliyokwisha kumeza. Aliyezidiwa, mwenye dalili za maambukizi kwenye damu, asinyimwe dawa kwa kusubiri sindano. Achukuliwe damu ya kuotesha, kisha aanzishiwe matibabu njiani. Ute wa kuoteshwa ufikishwe maabara upesi, wala usiwekwe kwenye friji.