Kushoto kwake ni kuume kwako: makosa ya wenye kurusha helikopta za telekomandi

Helikopta ndogo ya telekomandi ikianguka, jibu la mwenyewe linajulikana mbele hajalisema: « Batri imeisha », ao « Upepo umeisukuma ». Ndugu wachimbaji, majibu ya namna hiyo tunayajua. Shimo likibomoka, kuna mkubwa atakayesema ni mvua. Lakini wenye mchezo huu, wakiongea kati yao, wanakubali: mara mingi mashini haikukosa kitu. Ni vidole.

Kwa nini tuongee juu ya jambo hili hapa Ngungu? Kwa sababu mbili. Vitu hivi vimeshuka bei, na watoto wetu wanavitaka. Tena makampani ya madini duniani yanatumia droni kupima milima na chungu za udongo. Siku moja kitu kitapita juu ya kichwa chako ukiwa kazini, na mwenye kukiongoza hutamuona. Ni vizuri kujua namna gani anakosea.

Inapokuangalia usoni

Kosa la kwanza ndilo linalochekesha zaidi. Helikopta ikikupa mkia, mambo ni mepesi: unasukuma kijiti kuume, inaenda kuume. Kisha inageuka, inakuangalia. Sasa kushoto kwake ni kuume kwako, kama watu wawili wanaosimama uso kwa uso. Inaanza kulala upande mmoja, unataka kuiokoa, unasukuma kijiti upande usiofaa, nayo inalala zaidi. Unasukuma tena kwa nguvu. Sekunde mbili, vipande vya plastiki viko katika majani, na watoto wanacheka.

Dawa iko. Anayejifunza anakaa siku mingi akiiweka hewani fasi moja, mkia kwake, bila kuigeuza. Kisha, siku inapoanza kumuangalia, anashika neno hili: kijiti kiende upande ule ule unaoanguka, kama mtu anayeweka mti chini ya ukuta unaolala. Sisi wa mashimo tunalielewa haraka.

Kosa la pili ni la kuwasha. Telekomandi inawashwa kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini, ndipo helikopta. Wakati wa kuzima, helikopta inatangulia, telekomandi inafuata. Mwenye kugeuza utaratibu huo anaacha mashini bila bwana, na pangaboi linaweza kuzunguka lenyewe mkononi mwake. Tena telekomandi moja inaweza kubeba kumbukumbu ya mashini kadhaa. Ukichagua isiyo yake, unainua helikopta ambayo kuume kwake kumegeuka kushoto.

La tatu ni la milima yetu. Masisi ina fasi mingi zinazopita metre 2.000. Kule juu hewa ni nyepesi, pangaboi linafanya kazi zaidi kubeba uzito ule ule, na batri inaisha mbele ya saa yake. Aliyezoea kurusha kando ya ziwa atashangaa hapa. Tena droni mingi zina kidude cha kurudi nyumbani zenyewe zikipoteza mawasiliano. Zinarudi kwa mstari ulionyooka. Kukiwa mti ao kilima katikati, na bwana wake hakupanga urefu wa kutosha, zinarudi ndani ya kilima.

Hata wakubwa

Mtu asifikiri ni aibu ya watoto tu. Usiku wa tarehe 26 Januari 2015, droni ndogo ilianguka katika majani ya nyumba ya Rais wa Marekani, Washington. Aliyeirusha alikuwa mfanyakazi wa serikali, na ilisemwa kwamba alikuwa amekunywa. Mwezi wa 5 mwaka ule ule, muimbaji Enrique Iglesias alikuwa Tijuana, Mexico, akanyoosha mkono katikati ya onyesho kukamata droni iliyokuwa ikimpiga picha. Ilimkata vidole. Aliendelea kuimba na damu kwenye shati, kisha akapasuliwa na waganga.

Kicheko kinaishia hapo. Helikopta kubwa za mchezo zina mapanga ya urefu wa karibu sentimetre 70 kila moja, yanayozunguka karibu mara 2.000 kwa dakika. Septemba 2013, Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe. Aliizoea sana.

Na kwetu Kongo, ndege zisizo na rubani ndani zimekwisha kuanguka. Tarehe 5 Oktoba 2006, moja ya jeshi la Ubelgiji ilianguka Kinshasa, ikaua mtu na kujeruhi wengine. ONU ilianza kurusha zake Goma Desemba 2013. Januari 2014 moja ikaanguka wakati wa kutua, bila kuumiza mtu. Kosa likiwa la kidole ao la moteri, anayelipa ni mtu aliye chini.

Anayekamata kamba

Tuangalie kazi yetu sasa. Mwenzako yuko chini shimoni. Wewe uko mlangoni, umekamata kamba, ao unaangalia pompi ya hewa. Sauti inakuja juu, kama nyuki. Katika inchi hii iliyochoshwa na vita, nani atauliza kama ni mchezo ao ni bomu? Mtu anapiga kelele: « Iko inakuja! Mukimbie! » Kila mtu anaacha alichokamata. Mashini haijaanguka bado, na aliye chini amekwisha kubaki peke yake.

Ndiyo maana tunaomba mambo machache kwa koperative na kwa kila anayetaka kupima milima yetu toka hewani. Siku na saa zitangazwe mbele, kwa Kiswahili, shimo kwa shimo. Saa ile, watu wawe wamepanda juu, nayo saa ihesabiwe kama kazi. Anayerusha asiwe peke yake: mwenzake asimame kando, macho kwa watu. Asipite juu ya watu. Na karatasi iandikwe mbele ya kurusha: ikiumiza mtu ao ng'ombe, nani analipa?

Wazazi, mtoto akipata helikopta ndogo, msimnyime furaha. Mpeleke fasi wazi, mbali na watu, mbali na barabara, na mbali kabisa na kambi za wenye silaha. Uliza shefu kwanza. Mapanga yakizunguka, mikono mbali.

Huko Rwanda, tangu Oktoba 2016, kampani Zipline inatuma damu hospitalini kwa ndege ndogo zinazofuata njia ya kompyuta. Hakuna anayeshika vijiti, lakini kila ndege inakaguliwa mbele ya kuruka. Sisi pia hatushuki shimoni bila kuvuta kamba kwanza kuona kama inashika. Anayerusha kitu juu ya vichwa vyetu afanye vile vile, na atuambie saa ngapi anakuja.