Zona imepona, lakini moto haujazimika

Katika makanisa yetu kuna mama ambao hawawezi tena kufunga kitenge kifuani, na wazee wasiovumilia shati mgongoni, ingawa ngozi yao haina kidonda. Waliugua zona, ugonjwa ambao wengine wanauita mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, maganda yakaanguka, kanisa likamshukuru Mungu. Miezi ikapita, maumivu yakabaki. Yanaunguza kama moto, mara yanapiga kama umeme. Shuka ikigusa tu pale, mtu analia.

Tunaandika kwa sababu watu hao wanaambiwa kwamba imani yao ni ndogo, ama kwamba kuna mtu amewatumia uchawi. Marafiki wa Ayubu walifanya vema zile siku saba walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua kinywa.

Zona inaletwa na kirusi kile kile cha varisele, yaani tetekuwanga. Mtoto akipona, kirusi hakitoki. Kinalala ndani ya mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo, miaka na miaka. Nguvu za mwili zikipunguka kinaamka na kufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge yanakaa upande mmoja tu. Ngozi inapona kwa majuma machache, lakini mshipa ulioumizwa unaendelea kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo, kana kwamba kidonda kingalipo. Waliopita miaka 60 ndio wanaopatwa zaidi.

Kwa hiyo parasetamoli inasaidia kidogo tu. Daktari anaweza kuandika amitriptilini, miligramu 10 ama 25 usiku, akiipandisha polepole. Ilitengenezwa kwa ajili ya huzuni kubwa, basi usidhani daktari amekuona una wazimu; inatuliza pia mishipa. Inahitaji majuma kadhaa ndipo ifanye kazi, lakini kinywa kikavu na usingizi vinakuja mapema, na hapo watu wanaiacha. Vumilia. Mzee aamke polepole usiku asije akaanguka, na mwenye ugonjwa wa moyo ama shida ya kukojoa amwambie daktari kwanza. Dawa nyingine ni gabapentini. Zote mbili haziachwi ghafla. Tramadoli ya kununua sokoni tunaikataa: inamfunga mtu.

Ipo pia krimu inayotengenezwa kwa ule ukali wa pilipili. Hiyo ina kipimo chake. Kusaga pilipili ya jikoni na kujipaka ni kujiunguza bure.

Na maombi? Tuendelee kuomba. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamjibu, na nabii yule yule aliyeleta jibu akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Anayeshuhudia uponyaji Jumapili asitupe vidonge Jumatatu. Aende na ushuhuda wake kwa daktari, apunguziwe dawa taratibu.

Na wewe ambaye malengelenge yametokea leo, usingoje mwisho wa mfungo. Asikloviri inafupisha ugonjwa, na inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Yakitokea kwenye paji la uso ama karibu na jicho, nenda hospitali siku ile ile, kwa maana jicho linaweza kupotea. Kijana mwenye zona apimwe pia virusi vya SIDA, na asihukumiwe na mtu kwa sababu ya kupimwa. Mpaka malengelenge yote yakauke, yafunike kwa kitambaa safi, na usibebe watoto wachanga wala kukaa karibu na mama mjamzito ambaye hajapata kuugua varisele.