Fundi Ajifunzaye Kazini

Mtu apitaye asubuhi katika mitaa ya Unga Limited au Kijenge, mjini Arusha, hakosi kumwona kijana amelala chali chini ya motokaa, uso umejaa oili, akinyosha mkono kupokea spana. Hakuna aliyemwandikia somo lake ubaoni. Kwanza alioshea vyuma, kisha akajua spana namba 13 na namba 17 kwa kuzigusa tu. Halafu siku moja bwana wake akamwachia breki azifunge, naye akazikagua nyuma yake. Hivi ndivyo ufundi mwingi upatikanavyo nchini mwetu, wala sisi hatuoni sababu ya kuudharau.

Lakini njia hii ina upungufu wake. Mwanafunzi hujua kile tu kiletwacho gerejini, na kama mwalimu wake hakupata kuijua sababu ya jambo, yeye naye hurithi ujuzi pamoja na makosa. Magari mengi yawapelekayo wageni Ngorongoro na Serengeti siku hizi yana kompyuta ndogo iongozayo injini. Hapo sikio la fundi, hata likiwa hodari namna gani, halitoshi.

Tena hana karatasi. Aendapo kuomba kazi katika kampuni huulizwa cheti, na miaka kumi aliyolala chini ya magari huwa kama haikuwapo. Aliyetoka chuoni juzi huandikwa, yeye hubaki kibarua.

Kwa ajili ya watu kama huyu, VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu uitwao urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe ni jepesi. Fundi hupeleka maombi yake; wapimaji humtazama akifanya kazi na kumwuliza maswali. Palipo na upungufu hufundishwa kwa muda mfupi, kisha akifaulu hupewa cheti. Waashi, maseremala na wapishi wamepita njia hiyo, wala hawakurudishwa kuanza upya kama watoto.

Waajiri nao wana sehemu yao. Wale wapasiwao kwa sheria hulipa kodi ya kuendeleza ujuzi, ambayo haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mwaka 2023 ilishushwa Tanzania Bara kutoka 4 hadi 3.5 katika mia ya mishahara. Hata hivyo wako waonao kwamba wakiisha kulipa wamemaliza, nao hawataki kumpa mtu wao hata juma moja la mafunzo. Husema, tukimfundisha atatukimbia. Huenda akakimbia kweli. Lakini asiyefundishwa akikaa, gari la wageni litaharibika porini mikononi mwake.

Tena Arusha ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kiwanda cha General Tyre kilianza kutengeneza matairi mwaka 1971, kikasimama mwaka 2009. Fundi umeme au mchomeleaji aliyetoka humo aliweza kuupeleka ujuzi wake mahali pengine. Lakini aliyejua mashine moja tu ya kuundia matairi angeipeleka wapi elimu yake, na kiwanda kingine cha namna ile hakikuwako nchini? Kwa hiyo twaona yafaa mfanyakazi afundishwe na kazi ya jirani yake, si ile ya mkononi mwake peke yake.

Na kijana wetu wa Kijenge asingoje wapimaji. Anunue daftari, na kila jioni aandike tarehe, aina ya gari, kasoro iliyoonekana, na jinsi ilivyoondolewa. Kisha aongeze mstari mmoja wa sababu. Asipoijua, auache mstari ule wazi, na kesho yake amwulize bwana wake kabla kazi hazijaanza.