Mshumaa Mbele ya Watu: Funzo la Mihadhara ya Michael Faraday

Mara nyingi tunadhani kwamba sayansi ina nyumba yake, sanaa ina nyumba yake na imani ina nyumba yake, wala hakuna mlango baina yao. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja wa historia, namna mihadhara ya wazi ilivyofungua milango hiyo, na jinsi jambo hilo linavyotuhusu sisi wahudumu wa Neno.

Michael Faraday (1791–1867), mwana wa mhunzi, alikuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1799. Aliandika aliyoyasikia, akayajalidi, akampelekea Davy. Mwaka 1813 akapata kazi ya usaidizi katika maabara. Basi, mhadhara ndio uliomfungulia njia.

Baadaye yeye mwenyewe alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni, na akawafundisha vijana wakati wa Krismasi. Somo lake mashuhuri lilihusu mshumaa. Alionyesha kwamba nta huyeyuka, hupanda katika utambi, hugeuka mvuke na kuwaka. Tena kwamba pumzi yetu, kama mwali ule, hutumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Kwa kitu kinachopatikana katika kila nyumba, aliwafikisha wasikilizaji kwenye siri ya uhai. Katika jengo hilohilo, mwaka 1836, mchoraji John Constable alitoa mihadhara juu ya uchoraji wa mandhari, akidai kwamba uchoraji nao ni njia ya kuchunguza maumbile.

Mwaka 1853 watu wengi waliamini kwamba mizimu huzungusha meza. Faraday alitengeneza chombo kilichothibitisha kwamba mikono ya waketio ndiyo iliyoisukuma meza, bila wao kujua. Mwaka uliofuata alihutubu juu ya haja ya kuizoeza akili kujihoji yenyewe kabla ya kuamua.

Hata hivyo, Faraday, aliyekuwa mzee wa kanisa dogo la Wasandemani, alitenga kabisa imani na uchunguzi huo. Je, tumfuate? Twakubaliana naye kwamba wokovu haupatikani kwa hoja. Luther naye, akieleza fungu la tatu la Imani, afundisha kwamba hatuwezi kumwamini Kristo kwa akili zetu wenyewe. Lakini fungu la kwanza lamkiri Mungu kuwa Muumba wa vitu vyote. Kwa hiyo tofauti hiyo isigeuzwe kuwa ukuta.

Mchungaji anayenyamaza mbele ya maswali ya kijana atokaye darasa la baiolojia humwachia achague kati ya kanisa na shule. Afadhali amwite mwalimu, daktari na msanii wa usharika, waketi pamoja mbele ya watu. Nasi tukijiandaa kuhubiri, tujiulize: mshumaa wetu ni upi, ambao hata mtoto aweza kuuona?