Je, Wajua? Mchai na Blugamu, Majirani Wasiolala Shamba Moja

Je, wajua kwamba mchai ni mti? Si kichaka. Ule unaouona Kericho ukiishia kiunoni mwa mchumaji ni mti ulionyimwa ruhusa ya kukua. Uache bila kupogoa, utapita mita 10 na kutoa maua meupe yenye kitovu cha njano ambayo mchumaji hana haja nayo. Jirani yake, blugamu (vitabuni huitwa mkaratusi), hupanda mita 40 na zaidi bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukitoka Litein kwenda Kapkatet, hao wawili ndio mandhari.

Je, wajua wote ni wageni, tena waliofuatana mlangoni? Blugamu asili yake ni Australia. Ililetwa Kenya mwaka 1902 ili reli ya Uganda ipate kuni, maana garimoshi la siku hizo lilikula magogo. Mwaka uliofuata, 1903, michai ya kwanza ikapandwa Limuru. Kericho ilingoja hadi miaka ya 1920, zilipoingia kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Garimoshi liliacha kuni zamani. Viwanda vya chai vikarithi sahani yake.

Mbona chai idai kuni nyingi hivyo? Kwa sababu jani bichi ni maji: robo tatu ya uzito wake na ushei. Chai iliyo tayari hubaki na asilimia 3 hivi. Kilo 1 ya chai hutoka kwenye kilo 4 na nusu hivi za majani, na tofauti yote hiyo lazima ifukuzwe kwa hewa moto. Ndiyo maana kiwanda cha chai, kiwe Mogogosiek, Kapkoros au Tirgaga, ni cha kuulizia kuni kabla ya kuulizia majani. Anayekunywa chai ya Bomet amekunywa na kazi ya blugamu, ila ladha yake haisikii.

Hesabu ya haraka. Ekari 1 ya chai iliyopandwa futi 4 kwa futi 2 na nusu huingia michai 4,356. Ekari hiyohiyo ya blugamu, mita 2 na nusu kila upande, ni miti 640 hivi. Mchai huchumwa kila wiki moja au mbili, majani mawili na kichipukizi, mwaka baada ya mwaka. Blugamu hungoja miaka 6 hadi 8 kwa kuni, zaidi kwa nguzo za stima. Kwa hiyo chai hulipa karo ya muhula, blugamu hulipa ya chuo. Nimesikia wazee wakiita blugamu benki, na sioni kosa lao, ila ni benki inayokunywa maji.

Udongo je? Mchai ni mchaguzi. Hutaka udongo mchachu, pH ya kati ya 4.5 na 5.6 hivi, mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka na iliyogawanyika vizuri miezi yote. Blugamu haina maringo hayo: udongo ukiwa na kina na mvua ikinyesha, inakwenda juu.

Sasa hapa ndipo ujirani unapochacha. Blugamu ikishaungua ndani ya boila huacha majivu, na majivu ni adui wa mchai. Majivu huua uchachu. Wakulima wa zamani walilijua jambo hili kwa njia ya ajabu: katikati ya shamba lililostawi vizuri, kipande cha duara kinakuwa cha manjano, michai imedumaa, mingine imekufa. Mbolea haisaidii. Ukichunguza utaambiwa hapo palikuwa na nyumba au zizi, na moto wa jikoni ulimwaga majivu miaka na miaka. Dawa ni kuurudishia udongo uchachu kwa salfa au salfeti ya alumini, halafu kusubiri. Mashamba makubwa ya Kericho yalifyekwa juu ya ardhi ya Wakipsigis. Wapimaji walichora mistari iliyonyooka, lakini udongo ukaweka kumbukumbu ya mafiga.

Je, wajua chai inaweza kujiletea mvua ya mawe? Vilima vya Kericho na Nandi hutajwa mara nyingi miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe kuliko zote duniani. Takwimu inayorudiwa ni siku 132 kwa mwaka. Mwanasayansi Russell Schnell alilichunguza jambo hili, na mwaka 1982 utafiti wake na mwenzake ukachapishwa: takataka za majani makavu chini ya michai zina chembe zinazosaidia matone ya mawinguni kuganda. Wachumaji wakipita hulitifua vumbi hilo, hewa ikalipandisha. Barafu inaporudi chini, hasara hailingani. Zao la mchai ni lile jani changa la juu kabisa, ndilo linalochanwa kwanza. Zao la blugamu ni shina. Blugamu hutikisa kichwa, kesho inaendelea.

Kuna jambo moja wanalofanana kama ndugu: panga haliwaui. Mchai hupogolewa kila miaka mitatu hadi mitano, ukabaki vijiti vitupu vya kutisha mgeni, kisha miezi michache baadaye umeota meza mpya ya kuchumia. Blugamu ikikatwa, kisiki huchipua tena, ukachagua machipukizi mawili yaliyonyooka na kuanza mzunguko mwingine bila kununua mche. Mti wa msitu wa asili, kwa upande mwingine, hulipiza kisasi: visiki vyake vikibaki ardhini hulea kuvu aitwaye Armillaria, anayeua mizizi ya michai. Ndiyo sababu wenye kufungua shamba jipya walifundishwa kuuvua mti gamba kuuzunguka shina, kisha kuungoja ukauke umesimama kabla ya kuukata.

Je, wajua serikali ilitumia mmoja kama ua na ikamfukuza mwingine? Mwaka 1986 lilianzishwa shirika la Nyayo Tea Zones, likapanda ukanda wa chai wa mita 100 pembeni mwa misitu, Mau ikiwemo, ili mwenye shoka akutane na mchai kabla ya kufika msituni. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza blugamu zilizo kandokando ya mito na chemchemi zing'olewe. Mwongozo wa upanzi uliotolewa mwaka huohuo ulisema vivyo hivyo: si ukingoni mwa mto, si kwenye kinamasi. Bado ukipita bonde lolote la Bomet utaziona zimesimama miguu majini. Mwenyewe ukimuuliza, atakuambia alizipanda babu.

Nyuki hawana ugomvi nazo, blugamu ikichanua huwapa asali nyingi. Mchai uliochumwa vizuri hauwapi kitu, maana haufiki kuchanua.

Na mkaa wa kusugulia kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha? Hapo wageni wote wawili hawana kazi. Mama wa Kikipsigis atapita katikati ya chai, atapita chini ya blugamu, aende kutafuta kichaka cha senetwet.