Saa ya Babu na Haki ya Warithi

Babu alipofariki, miongoni mwa vitu vilivyoletwa kwetu Gatina kutoka Mombasa ilikuwamo saa ya mkononi ya kutia ufunguo, nayo imesimama. Mjomba akasema iuzwe kwa bei yoyote. Mama akamjibu kwa upole: "Kaka, huijui, utaiuzaje?"

Ndugu wasomaji, swali hilo linazihusu nyumba nyingi.

Waislamu na saa ni wendani wa tangu zamani, kwa kuwa sala ina nyakati zake. Al-Jazari alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo, ambamo mna saa ya tembo iliyoendeshwa kwa maji. Katika karne ya 16, Taqi al-Din, mnajimu wa Istanbul, aliandika juu ya saa za magurudumu na kamani. Huku kwetu pwani, mnara wa saa uliongezwa kwenye Beit al-Ajaib ya Unguja baada ya Waingereza kuipiga mizinga mwaka 1896, ukasimama hapo hadi ulipoporomoka Desemba 2020.

Fundi saa aliifungua ya babu mbele yetu. Kamani, utepe mwembamba wa chuma, hukazwa kwa ufunguo. Ikilegea husukuma magurudumu yenye meno. Gurudumu dogo linaloyumba huku na huku ndilo linaloipima nguvu hiyo, ili akrabu zisikimbie wala zisichelewe. Vijiwe vya yakuti hupunguza msuguano. Ya babu haikuvunjika; mafuta yake tu yalikuwa yamekauka.

Saa za mkononi za betri za aina ya quartz, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1969, zilizifanya saa kama hizi zionekane kuukuu. Leo wakusanyaji wanazitafuta. Zile ambazo Sultani Qaboos wa Oman aliagiza zitiwe nembo ya jambia, kisha akazitoa zawadi, huuzwa mnadani kwa fedha nyingi. Anayekusanya hutazama kwanza kama uso na vipuri ni vile vya asili. Kwa hiyo msiisugue wala msiipake rangi upya kabla ya kumwona fundi anayeaminika.

Lipo na jambo zito zaidi. Saa ya marehemu ni mali ya urithi: si ya aliyeiokota sandukuni, wala ya mwenye sauti kubwa. Ithaminiwe, iingie katika hesabu pamoja na mengine. Na ikiwa ni ya dhahabu, mwanamume haifai kuivaa, bali mwanamke anaruhusiwa.

Ya babu ilikuwa ya dhahabu. Sonara aliipima, fundi akaikadiria, na thamani yake ikazidi mara nyingi bei aliyoitaja mjomba. Warithi wote waliridhia ihesabiwe katika fungu la mama. Mjomba akapata haki yake kwa fedha, na undugu haukuingia dosari.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, mama huitia ufunguo.