Jina la Sokoni na Namba ya Ndani: Utata wa Majina ya Windows

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, aghalabu huwa na jina la sokoni, linalotumika katika matangazo, na namba ya toleo, ambayo husomwa na programu zenyewe. Katika Windows ya kampuni ya Microsoft viwili hivyo vimeachana kwa muda mrefu, hata jina la sokoni pekee halimtoshi mtumiaji kujua alicho nacho.

Windows 98 na Windows 2000, ingawa majina yanazifanya zionekane ndugu wa tumbo moja, zilitoka katika koo mbili: ya kwanza ilijengwa juu ya mfumo endeshi wa zamani wa MS-DOS, na ya pili juu ya NT, iliyotolewa mwaka 1993 kwa jina la Windows NT 3.1 bila NT 1 wala NT 2 kuitangulia. Kwa ndani Windows 2000 ni 5.0, XP ya mwaka 2001 ni 5.1 na Vista ni 6.0; anayetarajia kwamba Windows 7 ni 7.0 hukuta 6.1.

Namba hiyo haikutokana na uzembe. Programu nyingi, kabla ya kukubali kufanya kazi, huuliza tarakimu iliyo mbele ya nukta, na baadhi yake, kwa kuandikwa vibaya, hukataa tarakimu zisiyoizoea. Vista ilipopanda kutoka 5 hadi 6 zipo zilizogoma, ndiyo maana waundaji wakaibakiza 6 huku jina likisonga mbele. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Windows 10 ya mwaka 2015 iliruka hadi 10.0, na Windows 11 ya mwaka 2021 ingali 10.0, ikitambulika kwa namba ya ziada ya uundaji inayoanzia 22000.

Lisilo na utetezi ni lebo ya 22H2, inayomaanisha nusu ya pili ya mwaka 2022, ambayo ilibandikwa kwenye Windows 10 na Windows 11 pia, ilhali usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika asiridhike na lebo hiyo: aandike neno winver katika sehemu ya kutafutia, kisha asome jina, toleo na namba ya uundaji kwa pamoja kabla ya kutoa fedha yake.